Debe la kokwa za mukau zisizoota: kisa cha kitalu cha nyumbani Kitui

Katika nyanda za chini za kaunti ya Kitui kuna boma moja ambalo mama mwenye nyumba aliamua kuotesha mukau, mti wa mbao wa asili wa nchi kavu, kwa mkono wake. Aliokota debe zima la kokwa chini ya mti mkubwa ulio kando ya mto wa msimu. Alijaza viriba udongo wa shambani uliochanganywa na samadi ya mbuzi, akazika kokwa moja katika kila kiriba, akamwagilia asubuhi na jioni. Kwenye mstari wa pili alitia mbegu za mwarobaini. Mwarobaini ukaota ndani ya wiki chache. Mukau haukutoa hata jani. Mvua za vuli zikaanza, zikaisha. Jirani akamshauri azimwagie kokwa zilizobaki maji yanayochemka, kwa kuwa ndivyo mbegu za mgunga zinavyofanyiwa. Akafanya hivyo, na bado hapakuota kitu. Nilipoitwa kutazama, alikuwa ameshaamua kuvimwaga viriba vyote na kupanda grevilea.

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu ndivyo miti yetu ya asili inavyopotea. Hupotea kitaluni kabla ya kupotea porini. Watu huishia kupanda mti uliotoka mbali kwa kuwa mbegu yake huota bila maswali, hata pale ambapo mti wa kwao ungewafaa zaidi. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na maeneo jirani, grevilea ni ya Australia. Yote ni miti mizuri. Lakini mama huyu alikuwa na sababu thabiti za kuutaka mukau, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo grevilea ingeweza kuitimiza katika ardhi ile.

Mukau, kwa jina la kitaalamu Melia volkensii, ni mti wa nchi kavu za Afrika Mashariki: Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia. Nje ya eneo hilo haupatikani kiasili. Humea vizuri mahali penye mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, ambapo miti mingi ya mbao hukata tamaa. Mbao yake mchwa hawaipendi, na katika ardhi nzuri huweza kuvunwa baada ya miaka 10 hadi 15. Jambo ambalo mfugaji hulithamini zaidi ni tabia yake ya kutoa majani mapya ukame ukielekea mwisho, kabla mvua hazijafika, wakati mbuzi hawana kitu kingine cha kijani. Wakamba wameuchongea mizinga ya nyuki kwa vizazi. Mama huyu alitaka mstari wa miti ya aina hiyo kuzunguka boma, na miche itakayozidi awauzie majirani.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuzifukua kokwa na kuzipasua. Nashangaa jinsi hatua hii inavyorukwa. Mtu hukaa miezi akibishana iwapo mbegu ni nzima au mbovu, ilhali jibu limelala ndani ya kokwa na kisu kiko jikoni. Tulipasua za kwenye viriba, za kwenye debe zilizomwagiwa maji ya moto, na chache alizokuwa amezisahau kwenye gunia bila kuzifanyia lolote. Kokwa moja ya mukau huwa na vyumba kadhaa, na kila chumba huweza kubeba mbegu nyembamba yenye ganda jeusi. Za kwenye viriba zilikuwa za aina mbili: baadhi zilikuwa zimeoza na kuwa ujiuji, na nyingine zilikuwa nzima kabisa, nyeupe ndani, zimejaa, kana kwamba zimezikwa jana. Za maji ya moto nyingi zilikuwa zimebadilika rangi na kulegea. Za guniani zilikuwa nzima, isipokuwa zile zenye vitundu vya wadudu.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo matatu tofauti yaliyofichwa na dalili moja. Mbegu nzima ambazo hazikuota zilikuwa na kizuizi. Mbegu zilizooza zilikuwa na adui. Na kundi la tatu lilikuwa limeuawa na dawa yenyewe.

Tuanze na kizuizi. Tunda la mukau huchukua karibu mwaka mzima kukomaa mtini. Ndani ya nyama yake kuna kokwa nene, ngumu kama mfupa. Watu wengi hudhani ukuta huo ndio tatizo lote, na ndiyo maana hufikiria nyundo au moto. Lakini hata ukiitoa mbegu salama kutoka kwenye kokwa na kuitia ardhini, mara nyingi itakaa tu. Ganda jeusi linaloifunika mbegu yenyewe ni kizuizi cha pili. Linakibana kiinitete na kukinyima nafasi ya kusukuma mzizi nje. Milango ni miwili, na mama huyu hakuwa amefungua hata mmoja.

Hapa ndipo ushauri wa jirani unapohitaji kuelezwa bila kumdharau, kwa sababu ulikuwa ushauri mzuri kwa mti mwingine. Mbegu ya mgunga ina ganda moja tu, jembamba lakini lisilopitisha maji. Maji ya moto hulilegeza ganda hilo kwa muda mfupi, kisha maji yanayopoa huingia na mbegu hufura. Kokwa ya mukau ni ukuta mnene wa mti. Maji ya moto hayaufungui. Ukizidisha joto, hupenya polepole hadi kwenye mbegu laini ndani na kuipika, na ukuta unabaki umesimama vile vile. Dawa ya mbegu haihamishwi kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa kuwa tu yote miwili ni ya nchi kavu.

Tulipokuwa tumekaa chini ya kivuli tukipasua kokwa, mama mkwe wake, bibi aliyezaliwa na kukulia hapo hapo, alitutazama kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, mti huu haupandwi. Unajipanda wenyewe."

Nikamwuliza, "Bibi, unajipanda wapi?"

"Kwenye zizi la zamani la mbuzi. Na pale tulipochoma takataka za shamba. Na pale jembe la ng'ombe lilipokata mzizi."

Katika sentensi hizo tatu bibi alikuwa ametaja njia zote za asili za kuzaliana kwa mukau, na zote zina maelezo. Mbuzi hupenda sana matunda yake. Humeza, na wanapocheua usiku zizini hutema kokwa zikiwa zimesafishwa nyama yote. Kokwa hizo hukaa ndani ya samadi yenye joto na unyevu kwa misimu kadhaa, zikilika polepole, na siku moja mche mmoja au miwili huchomoza. Moto wa takataka hupasua na kudhoofisha baadhi ya kokwa zilizo juu ya udongo na kuziua nyingine. Na mzizi wa mukau ukijeruhiwa karibu na uso wa ardhi hutoa chipukizi linalokuwa mti kamili. Zamani wazee wa Ukambani walikuwa wakiokota kokwa kwenye mazizi makusudi kwa ajili ya kupanda.

Mti unaochelewesha mbegu zake namna hii hauna kasoro. Pale Kitui mvua inaweza kunyesha kwa nguvu wiki mbili kisha ikakatika. Mbegu zote zikiota kwa mvua ya kwanza, msimu mmoja mbaya unamaliza kizazi kizima. Mukau hutawanya watoto wake katika miaka: wengine mwaka huu, wengine mwaka ujao, wengine mwaka wa tatu. Kwa mti ni busara. Kwa mtu mwenye viriba na ndoo ya maji ni hasara, kwa sababu yeye anataka miche yote iwe na kimo kimoja mvua zikianza. Kuotesha mukau nyumbani maana yake ni kuifanyia mbegu kwa mikono, kwa siku chache, kazi ambayo zizi huifanya kwa miaka.

Kazi hiyo inajulikana. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imeishughulikia kwa miaka mingi kupitia kituo chake cha Kitui, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, na mbinu iliyotokana na juhudi hizo haihitaji mashine. Inahitaji subira na kisu kikali. Nitaieleza kama tulivyoifanya pale bomani, kwa sababu ndio moyo wa kisa hiki.

Kokwa safi, zilizokauka, huwekwa moja moja kwenye kigogo chenye kishimo ili zisiteleze. Unaweka makali ya kisu kizito kwa urefu wa kokwa, unagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti. Lengo ni kuipasua, wala si kuiponda. Mwanzoni mbegu nyingi zitakatika. Baada ya muda mkono hujua nguvu inayotosha. Wanawake waliowahi kubangua korosho huishika kazi hii haraka kuliko wengine. Mbegu zinazotoka nzima huwekwa kando, na zilizosinyaa au kutobolewa hutupwa.

Kisha ncha ya mbegu iliyochongoka hukwanguliwa kidogo tu, ili maji yapate mlango. Mbegu hulala ndani ya maji baridi usiku mmoja. Asubuhi ganda huwa limelainika, na hapo ndipo wembe huingia: unalichana kwa urefu, juu juu, bila kugusa nyama nyeupe ya ndani. Hii ndiyo hatua inayochosha macho, na ndiyo watu huiruka wakisema imetosha. Haijatosha. Kizuizi cha pili kinaondoka hapa.

Mbegu iliyofika hatua hii haina tena ngao yoyote. Kwa hiyo haiwezi kutiwa kwenye udongo wa shamba wenye samadi, kwa sababu vimelea vya ukungu vilivyomo vitaila kabla haijanyoosha mzizi. Tulichukua mchanga wa mtoni, tukauosha hadi maji yakatoka safi, tukaukaanga juu ya bati lenye moto chini, tukauacha upoe. Tukaujaza kwenye sanduku la mbao lenye matundu ya kutolea maji, tukalaza mbegu kwa kina kidogo, tukanyunyizia maji na kulifunika sanduku lote kwa nailoni angavu ili joto na unyevu vibaki ndani. Mukau hupenda joto wakati wa kuota. Kwenye miezi ya baridi ya Juni na Julai, nailoni hiyo ndiyo inayoleta tofauti.

Miche ya kwanza ilionekana kabla ya wiki kuisha. Mama mwenye nyumba aliita watoto, akamwita na mama mkwe wake. Bibi aliinama akatazama kwa muda mrefu, akasema ni mukau kweli.

Siku chache baadaye ikaanza kuanguka. Shina la mche lilikuwa likisinyaa pale linapogusana na mchanga, likawa jembamba kama uzi, kisha mche ukalala. Huo ni ugonjwa wa kinyaushi, na chanzo chake hapo kilikuwa wazi. Sanduku lililofunikwa kwa nailoni halipotezi maji, lakini mama alikuwa akimwagilia kila siku kwa mazoea ya viriba. Mchanga ulikuwa umelowa hadi chini. Tukaondoa nailoni wakati wa mchana, tukaacha kumwagilia mpaka uso wa mchanga ukauke, tukaing'oa miche iliyoanguka na kuichoma. Iliyobaki ikapona, ingawa pengo lilikuwa kubwa. Sanduku la pili, lililonyunyiziwa tu pale matone yalipokosekana kwenye nailoni, lilipoteza miche michache sana.

Kwa hiyo zile mbegu zilizooza mwanzoni kwenye viriba zilikuwa na maelezo yale yale: samadi mbichi, udongo mzito, maji mara mbili kwa siku. Kwa mti wa nchi kavu maji mengi si wema. Nasisitiza hili kwa sababu upendo wa mtu kwa mche wake huonekana kwenye ndoo, na hakuna kinachoua miche ya mukau nyumbani kuliko ndoo hiyo.

Miche ilihamishiwa kwenye viriba ingali midogo, majani ya kwanza yakiwa yamefunguka tu, kwa sababu mzizi wake mkuu hukimbia chini na ukikawia unaukata. Mchanganyiko wa udongo safari hii ulikuwa mwepesi: udongo wa juu, mchanga mwingi, na samadi iliyooza kabisa kwa kiasi kidogo. Viriba viliwekwa chini ya kivuli chepesi, kisha kivuli kikapunguzwa hatua kwa hatua hadi miche ikazoea jua kali. Miezi mitatu hadi minne inatosha kufikia kimo cha kupandwa. Ndiyo maana mbegu zinatakiwa ziwe mchangani mwezi wa Julai, ili miche iwe tayari vuli ikianza. Katika Ukambani nisingeshauri mtu kutegemea masika.

Kuna kosa moja ambalo halikuonekana kwenye viriba lakini lingeonekana miaka 15 baadaye: debe lote lilitoka chini ya mti mmoja. Mti ule ulikuwa mnyoofu na mkubwa, na mtu angesema amechagua mbegu bora. Lakini watoto wote wa mti mmoja ni ndugu. Wakipandwa pamoja kuzunguka boma, wakachavushana, na majirani wakaokota mbegu hapo, kijiji kizima kinaishia na ukoo mmoja wenye udhaifu ule ule. Ni afadhali kuokota kidogo chini ya miti kumi iliyo mbalimbali kuliko debe zima chini ya mmoja. KEFRI ina mashamba ya mbegu bora za mukau, kama lile la Tiva huko huko Kitui, ambamo miti iliyochaguliwa kutoka sehemu nyingi imechanganywa kwa makusudi. Anayetaka mbao za kuuza ni vema aanzie huko. Kwa mtu wa boma, mimi ningechanganya: nusu ya mbegu hizo, nusu ya miti mizee ya eneo lake, ambayo imeshapita kiangazi baada ya kiangazi katika udongo huo huo.

Na kabla ya kununua miche kwa mtu yeyote, hakikisha ni mukau kweli. Kuna ndugu wa kigeni wa mukau, Melia azedarach, ambaye huota kirahisi na hupandwa sana. Vitalu vingine huuza miche yake kwa jina la melia tu. Matunda ya huyo ni ya mviringo, madogo, ya manjano. Tunda la mukau ni kubwa zaidi na la umbo la yai. Kwenye mche bado hakuna tunda, kwa hiyo uliza mbegu ilitoka kwenye mti gani, na asiyeweza kukuonyesha mti huo usimpe pesa.

Wakati wa kupanda tulibishana kuhusu mahali. Mama alitaka mstari mmoja upite katikati ya shamba la mahindi na ndengu. Nilipinga, na bado ninapinga. Mizizi ya mukau hutambaa na kunyang'anyana maji na mazao, na mwaka wa mvua haba mahindi yaliyo karibu nayo huonekana wazi kuwa yamedumaa. Miti ikawekwa kwenye mpaka wa boma na kando ya njia ya mifugo, kila mche ukazungushiwa matawi ya miiba ya mgunga. Bila miiba hiyo mbuzi wangemaliza kazi yote kwa mchana mmoja.

Bibi naye hakuachwa nyuma. Alituonyesha mahali karibu na zizi la zamani ambapo jembe lilikuwa limekwaruza mizizi ya mukau mzee, na machipukizi matatu yalikuwa yamesimama hapo, marefu kuliko miche yetu yote kwa kuwa yalikuwa yakinyonya mizizi ya mti mkubwa. Tulikubaliana kubakiza moja lililonyooka na kukata mengine mawili, kisha kujeruhi kidogo mzizi mwingine upande wa pili mvua zikikaribia, tuone kama utatoa. Njia hii haigharimu kitu, lakini kila chipukizi ni mti ule ule wa zamani umerudia. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mbegu. Inaziba mapengo.

Sasa kazi iliyobaki kwenye boma lile ni ya vidole. Mukau mchanga hutoa machipukizi ya ubavuni kila mahali, na ukiuacha utakuwa kichaka chenye shina fupi lisilotoa ubao. Yanachunwa yangali laini, kabla hayajawa tawi linalohitaji panga na kuacha kidonda, na wakati wa mvua hilo hurudiwa kila wiki moja au mbili. Watoto wa nyumba hiyo wamegawana mistari. Jani la juu kabisa halishikwi, na majani makubwa ya shina yanaachwa yaendelee kulisha mti. Shina likishapita kimo cha mita 3 au 4 bila tawi, linaachwa litanuke lipendavyo. Machipukizi yanayochunwa hupelekwa kwa mbuzi.